Tosino ya nyama ya ng'ombe: tamu, nyekundu, na haitaki mchezo bila baridi



Kila ikikaribia Idi ya Mfunguo Tatu simu yangu haipumziki, na maswali mengi huwa ni ya nyama. Ng'ombe kachinjwa, mbuzi wawili watatu wamechinjwa mtaani, sahani zinatoka nyumba hii zinaingia nyumba ile, na ikifika magharibi mtu ana kilo sita saba za nyama na friji moja ndogo iliyokwishajaa. Safari hii swali lililonifanya nikae chini niandike ni la mama mmoja wa Wete. Alifanya kazi Maskati miaka kadhaa, jikoni alikuwa na wenzake wa Kifilipino, na kwao alijua kula nyama nyekundu tamu wanayoiita tosino. Anataka kuitengeneza hapa Pemba kwa nyama ya ng'ombe, kwanza kwa watoto wake, na ikikubali auzie majirani kidogo kidogo. Alichotaka kujua kwangu ni kimoja tu: ikishatiwa chumvi na sukari, itakaa siku ngapi nje ya friji?

Haikai. Hata siku moja.

Nimelisema mwanzo kabisa kwa sababu najua wapo watakaosoma mpaka hapa halafu wakimbilie jikoni. Tosino ni nyama mbichi iliyokolezwa, si nyama iliyohifadhiwa. Na sura yake inadanganya: inang'aa, inanukia thomu na nanasi, rangi nyekundu uliyoitia inafunika ule ukijivu ambao ungekushtua kwenye nyama ya kawaida, na utamu unaficha harufu ya mwanzo ya kuharibika. Kwa hiyo ukiifanya uifanye kwa kujua inataka nini. Ukijua, ni kitoweo kizuri sana, na kwa nyama ngumu ya ng'ombe wetu ni njia mojawapo bora ya kuilainisha.

Imetoka wapi

Ufilipino ilitawaliwa na Wahispania tangu 1565 mpaka 1898, na neno tosino wamelirithi kwao. Kwa Mhispania ni mafuta ya nguruwe yaliyotiwa chumvi. Wafilipino walichukua jina wakabadilisha chakula: chumvi wakapunguza, sukari wakaongeza, wakatia thomu na maji ya nanasi, wakakata nyama nyembamba. Mkoa unaosifika zaidi kwa kitu hiki ni Pampanga, kaskazini ya Manila. Asili yake ni nguruwe, hilo sifichi. Lakini watu hao hao wa Pampanga hukoleza pia nyama ya nyati wao wa kufugwa, na siku hizi kuna tosino ya kuku na ya ng'ombe. Kwa hiyo anayeitengeneza kwa ng'ombe haharibu kitu cha watu.

Na msione Ufilipino ni mbali. Mbegu ya mwani ambayo kina mama wa Pemba wanaifunga kwenye kamba kila bamvua ilitoka kule. Kilimo chake cha biashara kilianzia Unguja, Paje na Jambiani, mwaka 1989, kisha kikaja kwetu. Kama mwani wao umekubali maji yetu, nyama yao nayo itakubali kikaango chetu.

Wapo pia wasomaji wangu wa Bara wanaofuga na kula nguruwe, nao wataniuliza. Hesabu nitakazotoa chini ni zile zile. Ninachowaomba ni kuwa makini na tegu. Maeneo kama Mbulu na Mbozi wataalamu wa mifugo wameandika sana kuhusu tegu la nguruwe na kifafa kinachotokana nalo. Nyama yenye punje inampa mtu tegu tumboni, kisha mayai ya tegu yanayotoka kwenye choo chake ndiyo yakimezwa na yeye au wenzake huenda mpaka kwenye ubongo. Chumvi na sukari ya tosino haiui punje zile. Zinauawa na moto wa kutosha.

Chumvi na sukari zinafanya kazi gani hasa

Sisi watu wa pwani tunajua chumvi inahifadhi. Tumekula ng'onda na papa mkavu tangu utotoni. Sasa ndiyo maana wengi wanakosea: wanadhani chumvi ni chumvi tu. Hebu tupige hesabu. Anayetia samaki chumvi ya kuweka hutumia karibu kilo moja ya chumvi kwa kilo tatu au nne za samaki, na bado humkausha juani. Tosino inatiwa gramu 18 za chumvi kwa kilo moja ya nyama. Hiyo ni chumvi ya mchuzi, si chumvi ya kuhifadhi.

Sukari vilevile. Jemu inakaa kabatini kwa sababu sukari ndani yake ni zaidi ya nusu ya uzito, na imechemshwa. Tosino ina gramu 100 kwa kilo ya nyama. Inatosha kuleta utamu na kung'aa, haitoshi kumzuia mdudu.

Maana kinachohifadhi si chumvi wala sukari zenyewe, ni kukosa maji. Bakteria ni kiumbe, anataka maji ya kunywa. Chumvi na sukari zikiwa nyingi zinayashika maji ya nyama, bakteria akakosa. Zikiwa kidogo, maji yamebaki mengi na yeye anaendelea na maisha yake. Katika joto letu la nyuzi 28 mpaka 32, aina nyingine huzaana mara mbili kila dakika 20. Bakteria mmoja saa 12 asubuhi, kama hakuna kinachomzuia, ni zaidi ya laki mbili na nusu ikifika adhuhuri.

Yupo mmoja hasa nataka mumjue, anaitwa stafilokokasi. Anaishi kwenye pua na ngozi zetu, na kwenye vidonda vya vidole. Huyu anavumilia chumvi kuliko wenzake, kwa hiyo ukitia chumvi kidogo unawapunguza wapinzani wake tu. Akizaana anaacha sumu ndani ya nyama, na sumu hiyo haifi kwa kuchemsha. Unaweza kumuua yeye kwa moto, sumu yake ikabaki palepale. Ndiyo maana ile kauli ya jikoni, kwamba nyama imelala nje lakini tutaichemsha sana, kwa nyama ya aina hii haina msaada. Mtu anakula, baada ya saa moja mpaka sita anaanza kutapika, mtoto mdogo au mzee anaishiwa maji mwilini. Na sikukuu huwa ndiyo hivyo, wanaokula ni nyumba nzima na wageni.

Kwa hiyo kinachohifadhi tosino ni baridi. Nyuzi 4 au chini yake, muda wote, tangu nyama inapoingia kwenye bakuli mpaka inapoingia kikaangoni.

Shura na chumvi ya pinki

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Ukitazama mafunzo ya mtandaoni utaona baadhi ya wapishi wanatia chumvi maalumu ya rangi ya waridi. Ndani yake mna nitriti. Viwandani inatumika kwa sababu inaifanya nyama ibaki nyekundu hata ikipikwa na inazuia bakteria mmoja hatari sana wa nyama za makopo na soseji. Kiwango ni kidogo mno: ile ya kawaida huwa na nitriti asilimia 6.25, nyingine yote ni chumvi, na inatiwa gramu 2.5 kwa kilo ya nyama. Imetiwa rangi makusudi ili mtu asiichanganye na chumvi ya mezani, kwa sababu nitriti tupu, gramu chache tu, inaweza kumuua mtu mzima. Inaifanya damu ishindwe kubeba hewa. Na wala si ile chumvi ya pinki ya Himalaya inayouzwa madukani kwa bei kubwa. Hiyo ni chumvi ya kawaida yenye rangi, haina kazi hiyo.

Wengine wananiambia watatumia shura, ile iliyokuwa ikitiwa kwenye baruti. Msitumie. Shura ni nitrati, inageuka nitriti polepole ndani ya nyama na kipimo chake nyumbani hakishikiki. Mizani ya dukani ya kupimia sukari haiwezi kupima gramu mbili na nusu. Kwa nyama nyembamba utakayoiweka kwenye baridi siku mbili na kuipika ikaiva kabisa, nitriti haihitajiki hata kidogo.

Rangi tunayo wenyewe. Mzingefuri, ule mti wa maganda mekundu yenye vinywele kama miiba laini, ambao watembezaji wageni kwenye mashamba ya viungo huvunja ganda wakawapaka mbegu midomoni. Wafilipino wanatumia mbegu hizo hizo. Chukua mbegu vijiko viwili vya chakula, zitie kwenye robo kikombe cha mafuta ya kupikia, pasha moto mdogo dakika tatu nne mpaka mafuta yawe mekundu kama machungwa mabivu, chuja, acha yapoe. Usiyaache yachemke sana, yanageuka machungu na rangi inafifia. Moto mdogo basi.

Nyama ipi

Nyama iliyokaguliwa, kwanza. Najua kwenye vichinjo vya nyumbani watu wanamkwepa mkaguzi kwa kuona anachelewesha. Mwiteni. Ng'ombe aliyekufa ghafla na kutoka damu puani au haja kubwa haguswi, hachunwi, kinapigwa simu kwa afisa mifugo, kwa sababu ya kimeta. Na hata ng'ombe mzima wa afya anaweza kuwa na punje za tegu kwenye nyama: vifuko vidogo vyeupe kama punje ya mchele, vina maji ndani, hupenda misuli ya taya, ulimi na moyo. Mkaguzi anajua pa kukata kuvitafuta.

Sasa sehemu ya mwili. Tosino ya nguruwe ni nzuri kwa sababu ya mafuta yaliyoingiana na nyama. Ng'ombe wetu wa kienyeji, huyu aliyelala kwenye mnazi na kula majani ya njiani, paja lake halina mafuta kabisa, ukilikoleza kwa sukari na kulikaanga linakuwa kama ukanda. Lakini ana kitu ambacho ng'ombe wa Ulaya hana: nundu. Nundu ya ng'ombe wetu ina mafuta yaliyojichora ndani ya nyama, na kwa maoni yangu ndiyo nyama inayofaa zaidi kwa kazi hii kuliko zote. Wachinjaji wengi huikata vipande wakaichanganya kwenye mafungu. Mwambie mapema akuwekee. Ukiikosa, tumia sehemu ya bega na mbavu yenye mafuta, au kuku mapaja yasiyo na mfupa. Mbuzi inawezekana, ila harufu ya mafuta yake inapigana na nanasi. Mimi siipendi.

Nyama ikitoka kuchinjwa bado ya moto, usiikoleze. Ikate mapande makubwa, iache ipoe, iingie kwenye baridi mpaka kesho yake. Ikishakuwa baridi iweke kwenye friza kama saa moja na nusu mpaka iwe ngumu kidogo, kisha kisu kikali kitapita. Kata kukingama nyuzi za nyama, unene wa nusu sentimita, ukubwa wa kiganja. Ukikata kufuata nyuzi, usinilaumu. Utatafuna mpaka isha.

Kuikoleza

Kwa kilo moja ya nyama iliyokatwa: chumvi laini gramu 18, yaani kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa juu. Chumvi ya mawe ipimeni kwa mizani, kwa kijiko inadanganya, maana punje kubwa zinaacha nafasi katikati. Sukari gramu 100, kama vijiko vinane vya chakula au nusu kikombe. Sukari guru iliyokunwa ni nzuri zaidi, inaleta ladha ya moshi na rangi iliyokolea. Thomu punje sita zilizopondwa. Pilipili manga kijiko cha chai. Mafuta ya mzingefuri vijiko viwili vya chakula. Karafuu zetu? Mbili tu zilizosagwa, si zaidi, sisi Wapemba tukiachiwa karafuu tunazidisha. Na maji ya nanasi nusu kikombe.

Nanasi lina habari yake. Wafilipino wengi wanatumia maji ya nanasi ya kopo, na nyama wanaiacha siku tatu. Mtu wa hapa anasoma siku tatu, anakwenda sokoni ananunua nanasi bichi, analikamua, anaiacha siku tatu, na anapofungua bakuli anakuta uji. Sababu ni kwamba nanasi lina kimeng'enya kinachokata nyama, kama lilivyo papai bichi tunalotia kwenye mishkaki. Maji ya kopo yamekwishapikwa, kimeng'enya kimekufa, kilichobaki ni utamu na ukali tu. La kwetu ni hai. Kwa hiyo una njia mbili. Chemsha maji ya nanasi dakika tano, yapoze kabisa, ndipo utie, na hapo nyama inaweza kukaa siku mbili au tatu. Au tumia mabichi lakini uyatie saa mbili tu kabla ya kupika. Nyama ya ng'ombe mzee mimi hufanya vyote: ya kuchemsha mwanzo, kijiko kimoja cha mabichi mwisho.

Osha mikono kwa sabuni, mwenye kidonda au chunusi kidoleni ampe mwingine kazi. Changanya chumvi, sukari na viungo kwanza, kisha isugue nyama kipande kipande, halafu mimina nanasi na mafuta mekundu. Tia kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko au bakuli la kioo. Sufuria la alumini tupu halifai, ukali wa nanasi unalila na nyama inapata ladha ya chuma. Weka rafu ya chini kabisa ya friji, nyuma, si mlangoni. Mlango wa friji kwenye nyumba yenye watoto unafunguliwa kila dakika, pale pana joto kuliko unavyodhani. Kipimajoto kidogo cha friji hakigharimu pesa nyingi, na kwa anayetaka kuuza ni lazima awe nacho.

Geuza nyama mara moja kwa siku. Siku ya kwanza utaona imetoa maji mengi, hiyo ndiyo chumvi inafanya kazi. Siku ya pili baadhi ya maji yanarudi ndani na vipande vinakuwa vinateleza, vimekaza kidogo, vinang'aa. Hapo imekubali. Nyama nyembamba namna hii haihitaji zaidi ya siku mbili. Ya tatu ni ya mwisho; ikipita hapo, ipike au igandishe.

Moto

Kosa la wengi ni kuitia moja kwa moja kwenye mafuta ya moto. Sukari inaungua nje dakika mbili, ndani nyama bado mbichi. Fanya hivi: panga vipande kwenye kikaango pamoja na maji yake ya kukolezea, ongeza nusu kikombe cha maji, funika, moto wa kati. Iache ichemke mpaka iive na maji yakauke, kwa ng'ombe wa kienyeji dakika 30 au 40, ongeza maji kidogo kidogo kama bado ngumu. Ikishaiva na maji yamekauka, ndipo utie mafuta vijiko viwili na upunguze moto. Kwenye seredani toa makaa nusu. Sasa usiondoke. Geuza, geuza. Sukari itaanza kuvuta, itapaka kila kipande, itakuwa ya kahawia nyekundu. Ikianza kutoa moshi umechelewa. Dakika tano zinatosha.

Kule kwao wanaila asubuhi, na yai la kukaanga na wali wa jana uliorushwa kwenye mafuta na thomu. Kwa maneno mengine ni kiporo, chai ya asubuhi ya nyumba nyingi za hapa. Na muhogo wa kuchemsha inakwenda pia, na achari ya maembe pembeni ya kukata utamu.

Asiye na friji

Nilimjibu yule mama kwamba kuna mambo mawili. La kwanza, deli la barafu, kama wanalotumia wachuuzi wa samaki. Nyama iwe kwenye chombo kilichofungwa kisichoingiza maji, barafu chini, barafu pembeni, barafu juu, na deli likae kivulini. Barafu ikiwa bado ipo na imegusana na chombo pande zote, uko salama. Imebaki maji matupu, muda umekwisha, ipike hapo hapo. Kwa njia hii mimi nashauri siku moja tu ya kukoleza, na barafu uibadilishe asubuhi na jioni. Hesabu na bei ya barafu. Kwa kilo mbili za nyama hailipi, kwa kilo kumi labda.

La pili, achana na tosino, fanya kitu kingine ambacho kweli kinakaa. Wasomali na Waborana wa kaskazini ya Kenya wana nyirinyiri: nyama inakatwa mikanda, inatiwa chumvi, inakaushwa, kisha inakatwa vipande vidogo kama mbegu za kunde kubwa na kukaangwa kwenye mafuta mpaka maji yote yatoke, halafu inazamishwa kwenye samli ndani ya chombo kikavu. Ile inakaa wiki nyingi bila friji, kwa sababu maji hayamo na hewa haifiki. Haina sukari. Na hapa nawaonya wabunifu: msianike tosino juani mkidhani mtapata tosino kavu. Sukari inavuta unyevu wa hewa, na hewa yetu ya kisiwani, hasa wakati wa masika, imejaa unyevu. Nje itanata, ndani itabaki mbichi, na nzi watakuwa wa kwanza kuionja. Hata nyirinyiri yenyewe kwa Pemba ikaushwe kiangazi, au juu ya jiko.

Kuweka na kuuza

Iliyokwisha kukolezwa na haijapikwa, ikigandishwa, inakaa miezi miwili ikiwa bado nzuri. Chumvi inafanya mafuta yachache mapema, kwa hiyo usiifananishe na nyama tupu. Gandisha kwenye mifuko midogo ya mlo mmoja, iliyolazwa bapa, andika tarehe kwa kalamu isiyofutika. Ukitaka kuila, ihamishie kwenye rafu ya chini ya friji usiku, isiyeyushwe juu ya meza. Na kama una wasiwasi na punje za tegu kwenye nyama ya ng'ombe, siku kumi kwenye friza inayofika nyuzi 10 chini ya sifuri zinaua, lakini kwanza uhakikishe friza yako kweli inafika huko.

Anayetaka kuuza, auze iliyogandishwa au iliyopikwa, kamwe asiuze mbichi iliyolainika kwenye beseni. Kabla ya kuanza afike ofisi za Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar aulize kuhusu usajili wa eneo la kutengenezea chakula na maandishi ya kwenye pakiti. Kwenye pakiti iandikwe waziwazi ni nyama ya mnyama gani. Jina tosino kwa anayelijua kutoka Ughaibuni linamwambia nguruwe, na mteja wa Pemba ana haki ya kujua bila kuuliza.

Nimeulizwa pia kuhusu umeme. Tangu 2010 umeme wetu unapita chini ya bahari kutoka Tanga, na ukikatika hatujui utarudi lini. Ukikatika usifungue friji kuangalia. Friji iliyofungwa inashika baridi kama saa 4. Friza iliyojaa pomoni inaweza kushika siku mbili, iliyojaa nusu siku moja, kwa hiyo kama friza yako ina nafasi jaza chupa za maji zigande, zitakusaidia siku hiyo. Umeme ukirudi gusa nyama: kama katikati bado kuna barafu, unaweza kuigandisha tena, ila ladha itapungua, afadhali kuipika. Kama imelainika lakini bado ni baridi kama imetoka friji, ipike siku hiyo hiyo. Kama imepoteza ubaridi na hujui ni tangu saa ngapi, usiionje kupima. Ichimbieni shimo, na paka naye msimpe.